Mgonjwa Mmoja, Milango Mitano

Katika hospitali zetu za rufaa, mgonjwa wa maumivu sugu hutambulika kwa bahasha anayotembea nayo. Ndani mna eksirei za miaka kadhaa, picha ya MRI ambayo ndugu walichangishana kuilipia, vyeti vya dawa vilivyofifia wino, na barua za rufaa ambazo kila moja inampeleka kwa mtu asiyejua mwenzake aliandika nini. Alianzia kliniki ya mifupa. Mifupa wakampeleka mishipa ya fahamu. Mishipa ya fahamu wakampeleka fiziotherapia, fiziotherapia wakampa mazoezi ya wiki mbili, kisha akarudi kwa daktari wa mwanzo na kukuta amehamishwa kituo. Kama ni mwanamke, pengine amepita pia magonjwa ya kinamama. Mwishowe hukaa mbele ya daktari kijana aliyechoka, mwenye foleni ndefu nje ya mlango, na mazungumzo huwa mafupi.

"Mama, picha yako haina tatizo kubwa."

"Sasa mwanangu, mbona silali?"

Hapo mazungumzo hukatika. Mama anaandikiwa diklofenaki nyingine, anaambiwa apunguze kazi nzito, anakusanya karatasi zake. Akifika nyumbani atakandwa kwa maji ya moto, jirani atamshauri akafanyiwe hijama, shemeji atamtajia mchungaji au shehe anayeombea migongo. Simlaumu hata mmoja kati yao. Wanahangaika na swali ambalo hospitali imeliacha mezani.

Hoja yangu ni hii: hospitali zetu kubwa zinao tayari karibu watu wote wanaohitajika kumtibu mama huyu. Kinachokosekana ni saa moja kwa wiki ambayo watu hao wanakaa pamoja kumzungumzia yeye, na mlipaji anayekubali kwamba saa hiyo ni sehemu ya tiba kama ilivyo sindano. Saa hiyo isipopatikana tutaendelea kulipia picha, na mama ataendelea kukesha.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, maana bado wapo wanaodhani ni visingizio. Toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, lililoanza kutumika Januari 2022, limeyapa maumivu sugu nafasi yake: ni maumivu yanayodumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi 3. Humo limo pia kundi la maumivu ambayo yenyewe ndiyo ugonjwa, hata pasipo kidonda, uvimbe wala mfupa uliovunjika wa kuonyeshwa kwa kidole. Mtu aliyeambiwa miaka nenda rudi kwamba hana kitu ana haki ya kujua kwamba kitu chake kimeandikwa.

Pwani na kusini mwetu jambo hili lilijulikana kabla halijaandikwa. Chikungunya ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 na 1953 katika uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika, na mwaka 2004 iliikumba Lamu. Homa yake huisha baada ya siku chache. Lakini kwa baadhi ya wagonjwa, vidole, magoti na vifundo vya miguu huendelea kuuma kwa miezi, na wapo wanaoumwa kwa miaka. Hali ni hiyo kwa baadhi ya waliokatwa mguu baada ya ajali ya bodaboda, ambao huamka usiku wakiugulia vidole visivyokuwepo tena. Kisukari huacha miguu inayowaka moto. Mkanda wa jeshi hupona ngozini ukabaki kuchoma chini yake.

Kinachotokea ni kwamba mfumo wa fahamu wenyewe hubadilika. Mwaka 1965, wanasayansi Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia kwamba taarifa ya maumivu haipandi moja kwa moja kutoka kidoleni hadi kwenye ubongo. Hupitia kwenye lango lililo ndani ya uti wa mgongo, na upana wa lango hilo hutegemea mambo mengi, yakiwemo yanayoshuka kutoka juu: hofu, matarajio, mahali mtu alipoelekeza mawazo yake. Mwaka 1983, Clifford Woolf akaonyesha kwamba baada ya jeraha, uti wa mgongo wenyewe unaweza kuanza kukuza kila ishara inayoufikia, hata mguso mdogo ukawa maumivu. Mbwa wa ulinzi aliyewahi kupigwa mawe hubweka hata upepo unapotikisa mgomba. Mbwa huyo hadanganyi, na kumwonyesha picha ya ua lisilo na mwizi hakumnyamazishi.

Picha zenyewe nazo zina yake. Mwaka 2015 ilichapishwa tathmini iliyokusanya picha za migongo ya watu 3,110 wasiokuwa na maumivu yoyote. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa tayari na disiki zilizochakaa. Kwa wenye miaka 80, asilimia 96. Disiki zilizovimba nje ya mahali pake zilionekana kwa asilimia 30 ya vijana hao. Sasa fikiria fundi cherehani wa miaka 45 anayepewa ripoti isemayo pingili zake zimesagika. Anarudi nyumbani akiamini mgongo wake ni ukuta unaobomoka, anaacha kuinama, anaacha kubeba mtoto, misuli inalegea, usingizi unapaa, na maumivu yanaongezeka. Picha haikusema uongo. Iliyopungua ni ile nusu saa ya mtu kukaa naye na kumweleza kwamba migongo mingi ya rika lake isiyouma ina sura hiyohiyo.

Aliyeona kwamba daktari mmoja hatoshi hapa alikuwa John Bonica, Mtaliano aliyezaliwa mwaka 1917 katika kisiwa kidogo cha Filicudi na kuhamia Marekani akiwa mtoto. Alijilipia masomo ya udaktari kwa kupigana mieleka ya kulipwa, na mieleka hiyo ikamwachia viungo vilivyomuuma mpaka uzeeni. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa daktari wa usingizi katika hospitali ya jeshi ya Madigan, jimbo la Washington, akiletewa askari waliokuwa wakiumwa kwa namna ambazo vitabu vyake havikuzieleza. Aliwaendea wenzake mmojammoja, mtaalamu wa mifupa, wa mishipa ya fahamu, wa akili, akagundua kwamba kila mmoja alijua kipande chake tu. Basi akaanza kuwaita pamoja wakati wa chakula cha mchana, wakamjadili mgonjwa mmoja hadi waelewane. Mwaka 1953 alitoa kitabu kikubwa juu ya tiba ya maumivu, na mwaka 1960 alipokwenda Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, akaanzisha kliniki iliyojengwa juu ya vikao hivyo. Hakuanza na mashine. Alianza na watu kula pamoja.

Naomba tukae kidogo juu ya kile kinachofanyika katika kliniki ya namna hii, kwa sababu wengi wakisikia "timu ya wataalamu" hudhani ni ile milango mitano ileile iliyohamishiwa kwenye korido moja.

Daktari hutangulia, na kazi yake ya kwanza ni kuondoa hatari. Hapa kwetu kifua kikuu kinaweza kuingia kwenye uti wa mgongo, saratani inaweza kusambaa hadi kwenye mifupa, na mtu anayeanza kushindwa kuzuia mkojo huku miguu ikifa ganzi anahitaji upasuaji wa haraka. Hakuna mazoezi wala mazungumzo yatakayotibu hayo. Hatari zikishaondolewa, mgonjwa anaonwa na wengine wote ndani ya siku hiyo au wiki hiyo: mtaalamu wa fiziotherapia, mwanasaikolojia, muuguzi, afisa ustawi wa jamii. Halafu wanakutana.

Chukulia ni mama wetu yule. Mtaalamu wa fiziotherapia anasema: nilipomwambia ainame alikataa kabisa, lakini leso yake ilipoanguka aliinama akaiokota bila kufikiri, anachoogopa ni kuinama kwa kuamriwa. Muuguzi anasema: amefungua mkoba wake, ana vidonge vya majina matatu kutoka maduka matatu, vyote ni dawa za aina moja, na tumbo limeanza kumuunguza. Afisa ustawi anasema: anaishi kwa mwanawe, mkwe anamwita mvivu, na kuna kesi ya shamba isiyokwisha. Mwanasaikolojia anasema: ameacha kwenda kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, ameacha kwaya, analala saa tatu kwa usiku. Daktari, ambaye peke yake angeongeza dozi, sasa anaona kwamba anatakiwa kuondoa dawa mbili. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na mgonjwa mzima mkononi mpaka walipokutana.

Mpango unaotoka hapo huwa wa kawaida sana kwa kuutazama. Mengi yake yanatokana na kazi ya Wilbert Fordyce, mwanasaikolojia wa chuo hichohicho cha Seattle, aliyeandika mwaka 1976 kuhusu namna maumivu yanavyofunga maisha kwa mazoea. Fordyce aliona kwamba mgonjwa hufanya kazi mpaka maumivu yamwangushe, kisha hupumzika mpaka maumivu yamruhusu, na hivyo maumivu yanakuwa ndiye msimamizi wa ratiba. Akageuza. Mazoezi yafuate kiasi kilichopangwa. Dawa zifuate saa.

Kila mwenye mama mwenye mgongo mbaya anaujua mwenendo huo. Siku akiamka nafuu, atafua, atapalilia, atateka maji, atapika kwa ajili ya msiba wa jirani. Siku tatu zinazofuata yuko kitandani. Kwenye kliniki hufundishwa kugawa kazi. Akiweza kutembea dakika 10 kabla hajazidiwa, anaanza na dakika 7, kila siku, iwe njema au mbaya, na anaongeza kidogokidogo. Siku njema ndiyo ngumu zaidi kuifundisha, kwa sababu hapo ndipo anapotaka kulipa madeni yote ya kazi. Huelezwa pia jinsi maumivu yanavyofanya kazi, kwa lugha yake, mpaka aweze kumweleza mkwewe. Na mkwewe huitwa. Tiba inayoishia getini mwa hospitali hubatilishwa na sentensi moja jikoni.

Huko Seattle, mwanzoni, wagonjwa wa Fordyce walilazwa kwa wiki kadhaa. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa kwa wagonjwa wa nje, mara nyingi katika vikundi vinavyokutana mara moja au mbili kwa wiki. Kwetu naona kikundi kinafaa kuliko hata huko. Anayeumwa miaka sita akimsikia mwenzake wa Temeke au Kisumu akisimulia mambo yaleyale, kuna kitu kinamtoka kifuani ambacho maelezo ya mtaalamu hayakitoi.

Lipo tatizo la mwanasaikolojia, na tusilikwepe. Mwambie mgonjwa baada ya miaka mitano ya vipimo kwamba sasa aende kwa mtu wa saikolojia, atasikia jambo moja tu: mmeniona kichaa. Ana haki ya kusikia hivyo, kwa sababu ndivyo wengi wetu tunavyomaanisha tunapochoka naye. Dawa ya hilo ni ndogo. Mwanasaikolojia awe mezani tangu siku ya kwanza, amwone kila mgonjwa, mwenye mguu uliokatwa na mwenye disiki, kama vile kila mgonjwa anavyopimwa presha. Asiwe kituo cha mwisho cha walioshindikana.

Je, inafanya kazi? Mwaka 2014 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulitoa mapitio ya majaribio 41 yenye washiriki karibu 7,000 wenye maumivu sugu ya kiuno. Waliotibiwa kwa namna hii, ukiwalinganisha na waliopata huduma ya kawaida, walikuwa na nafuu iliyodumu, lakini nafuu ya kiasi: kwenye kipimo cha maumivu cha 0 hadi 10, tofauti ilikuwa kati ya 0.5 na 1.4. Sitaki kuipamba takwimu hiyo. Anayemuahidi mgonjwa kwamba kliniki itamwondolea maumivu yote anamtengenezea jeraha jipya. Faida ninayoitafuta mimi iko kwenye kuishi: kutembea, kufanya kazi, kulala, kupunguza vidonge. Mtu anayeumwa 6 badala ya 7 lakini amerudi kwenye genge lake la nyanya amepata kitu ambacho kipimo cha maumivu hakikukusudiwa kukipima.

Wenye madaraka wanaweza kusema kwamba nchi ambazo bado zinapambana na vifo vya wajawazito haziwezi kuhangaika na migongo. Ningeielewa hoja hiyo kama wagonjwa hawa wangekuwa wamekaa nyumbani wakisubiri zamu yao. Hawajakaa. Wako kwenye foleni zetu leo, wanatumia vipimo, dawa na saa za madaktari, na wanaondoka walivyokuja. Kwa makadirio yanayotajwa na Shirika la Afya Duniani, mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na mwaka 2050 watafikia milioni 843. Mwongozo wa shirika hilo wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unapendekeza elimu, mazoezi na tiba ya kisaikolojia. Unashauri dhidi ya mikanda ya mgongo, dhidi ya kuvutwa mgongo kwa uzito, na dhidi ya dawa za jamii ya afyuni kwa maumivu haya. Ukiangalia kinachouzwa madukani na kinachoandikwa kwenye vyeti vya dawa, utaona tunalipia kwa bidii yale tuliyoshauriwa kuyaacha.

Hapa nitenganishe jambo, lisije likachanganywa. Maumivu ya saratani ni habari nyingine. Uganda, tangu daktari Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa mwaka 1993, imeonyesha kanda nzima kwamba mofini ya maji, ya bei nafuu, inaweza kumfikia mgonjwa kijijini, na kwamba wauguzi waliofunzwa wanaweza kuiandika. Kazi hiyo iendelee na iongezwe. Ninachokizungumzia ni maumivu ya miaka kumi ya mtu ambaye hafi, na ambaye mofini itampa tatizo la pili.

Marekani waliijua kazi ya timu kabla yetu, wakaisahau. Baada ya Seattle, kliniki za timu zilienea nchini humo. Kisha kampuni za bima zikaanza kukata: fiziotherapia ilipwe kivyake na kwingine, saikolojia kwingine, kikao kisilipwe kabisa. Kliniki nyingi zikafungwa. Kilichobaki kikilipika kirahisi ni sindano na kidonge, na mwaka 1996 kidonge cha OxyContin kikaingia sokoni. Mwaka 2007 kampuni iliyohusika nacho ilikiri mahakamani kwamba iliwapotosha watu kuhusu hatari ya uraibu, lakini wakati huo makaburi yalikuwa tayari yanachimbwa. Yapo mengi yaliyosababisha janga lile, na siwezi kuyabebesha bima peke yao. Lakini pale ambapo timu imeondolewa, kidonge ndicho kinachobaki na nguvu ya kushawishi, kwa daktari na kwa mgonjwa.

Ndiyo maana nayasema haya sasa. Tanzania ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Kenya ilibadilisha mfuko wake wa taifa na kuanza mamlaka mpya ya afya ya jamii Oktoba 2024. Vitita vya huduma vinaandikwa na kuandikwa upya katika miaka hii hii. Kitu ambacho hakina mstari kwenye kitita hakina mtu hospitalini, kwa kuwa mganga mfawidhi hawezi kuwatoa watumishi watano kliniki kwa saa nzima ambayo haimrudishii hata shilingi. Mstari ninaouomba ni mmoja: tathmini ya pamoja ya mgonjwa wa maumivu ya zaidi ya miezi 3, ikiwa na kikao cha timu na vipindi vya kikundi, inalipwa kwa bei moja kama kitu kimoja. Isivunjwevunjwe. Ikivunjwa, kila kipande kitakwenda njia yake kama ilivyotokea kwa wenzetu.

Watu wapo? Wengi wapo. Shule ya fiziotherapia ya KCMC pale Moshi imekuwa ikitoa wataalamu kwa miaka mingi. Madaktari wa usingizi, ingawa ni wachache, wapo katika hospitali kubwa. Maafisa ustawi wa jamii wapo, na mara nyingi hutumiwa kusikiliza maombi ya msamaha wa malipo tu. Pengo la kweli ni wanasaikolojia tiba, na hapo ningeangalia Harare, Zimbabwe. Tangu 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda amewafundisha bibi wa mitaani kutoa tiba ya mazungumzo kwenye mabenchi nje ya zahanati, na jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba dalili za sonona na wasiwasi zilipungua kweli. Mpango huo umefika hata Zanzibar. Haukutengenezwa kwa ajili ya maumivu sugu na si wa kunakiliwa jinsi ulivyo. Lakini unaashiria kwamba muuguzi aliyefunzwa vizuri na kusimamiwa na mwanasaikolojia mmoja anaweza kubeba sehemu kubwa ya kazi hii.

Ningeanza na hospitali moja ya rufaa ya mkoa, si ya taifa. Alasiri moja kwa wiki, chumba chenye mikeka na viti visivyo na mikono, faili moja ambalo wote wanaandika ndani yake, na mtu mmoja, muuguzi kwa maoni yangu, ambaye jina na namba yake ya simu mgonjwa anayo. Matokeo yapimwe kwa maswali ya kawaida: unalala saa ngapi, umerudi kazini, unameza vidonge vingapi, umekwenda hospitali mara ngapi tangu tulipoonana.

Ugumu ninaouona mkubwa kuliko wote ni nauli. Mgonjwa wa Masasi mwenye mgongo mbovu hawezi kupanda basi kwenda Mtwara kila wiki kwa wiki nane, na kiti cha basi chenyewe ni adui yake. Vipindi vya kikundi vishushwe hadi hospitali ya wilaya baada ya tathmini ya kwanza, siku ambayo watu wanakuja mjini kwa gulio, na wiki nyingine muuguzi apige simu. Kwa zile safari ambazo haziepukiki, nauli iingie kwenye bei ya kitita tangu siku inapoandikwa.